Mpaka Usioandikwa Hufa na Mashahidi Wake

Ndugu zetu katika imani, hapa Ilagala mipaka mingi ya mashamba ya michikichi tumeirithi kwa maneno tu: mti huu ni wetu, ule wa jirani. Mti ukianguka na wazee wakifariki, waliokuwa wakisali safu moja huacha kusalimiana. Nasi tunajua jinsi Mtume (s.a.w.) alivyoonya juu ya kupora hata shubiri moja ya ardhi.

Tuanze na sulhu, lakini iandikwe na ishuhudiwe, kama Suratul Baqara, aya ya 282, ilivyotufunza katika madeni na mauziano. Ikishindikana, lipo Baraza la Ardhi la Kijiji. Lipo pia Baraza la Kata, ambalo tangu 2021 kazi yake ni kupatanisha. Siku 30 zikipita bila suluhu, shauri laweza kufunguliwa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Asiye na uwezo amwone msaidizi wa kisheria, anayetambuliwa na sheria ya 2017. Huduma yake ni bure.

Kumwita jirani barazani hakuvunji ujirani. Anayehamisha mpaka usiku ndiye aliyeuvunja. Tutembee mipakani na majirani zetu wazee wangali hai, tuandike.

Wabillahi tawfiq.