Kujua Hatari Siyo Kuikubali

Katika machimbo ya mawe ya Dundori, upande wa Bahati, kila kibarua ajua ya kuwa ukuta wa mwamba huweza kuporomoka. Alilijua hilo tangu siku ya kwanza alipopewa nyundo. Basi jiwe likimwangukia na mguu ukavunjika, mwenye machimbo huweza kuwa na jibu tayari: "Hakulazimishwa mtu. Aliiona hatari kwa macho yake, akaingia." Na wako waliovunjika ambao hulisadiki jibu hilo, wakarudi nyumbani na magongo pasipo kudai hata senti moja.

Jibu hilo halikuzuliwa Bahati. Latokana na kanuni kongwe ya sheria ya Uingereza, kwamba aliyeyakubali madhara kwa hiari yake hawezi kuyadai fidia. Mwenye kupanda ulingoni kupigana ngumi hamshtaki mwenzake kwa ngumi ya halali. Hapo haki yaonekana wazi. Lakini matajiri wa karne ya 19 waliivuta kanuni hiyo mpaka ikawafunika na vibarua wao.

Mwaka 1891 shauri la Smith na kampuni ya Baker lilifika mbele ya Baraza la Malodi, lililokuwa mahakama ya juu kabisa ya Uingereza. Smith alikuwa akitoboa mwamba mahali palipochimbwa njia ya reli. Winchi ilipitisha mawe juu ya kichwa chake bila onyo, naye alijua hivyo. Jiwe likaanguka, likamjeruhi. Malodi walio wengi waliamua kwamba kuendelea na kazi hali waijua hatari siyo, peke yake, kukubali kuibeba pasipo fidia. Na kweli, mtu mwenye watoto wa kulisha huweza kuiogopa kazi yake kila asubuhi na bado akaenda.

Mpaka wa hukumu hiyo ulionekana mwaka 1964, tena katika machimbo. Ndugu wawili, mafundi wa baruti wenye vyeti, walikuwa wamekatazwa kupima nyaya za baruti pasipo kujikinga. Waya wao ulikuwa mfupi. Mwenzao alikwenda kuleta mrefu, nao hawakumngoja. Baruti ikalipuka, ikawaumiza wote wawili. Mmoja alipomshtaki tajiri kwa kosa la nduguye, Malodi walimkatalia, kwa kuwa jambo lile walilichagua wenyewe kinyume cha amri.

Nchini Kenya, Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini ya mwaka 2007 imeyaondoa mahakamani madai ya namna hii baina ya mwajiriwa na mwajiri wake, na Mahakama ya Juu iliithibitisha tarehe 3 Desemba 2019. Dai hupelekwa kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini. Huko neno kubwa ni kama ajali ilitokana na kazi, wala si kama kibarua aliijua hatari. Hata aliyejiumiza kwa utovu wa makusudi hanyimwi fidia ikiwa amekufa au amepata kilema kikubwa.

Mahakama yabaki kwa wasio waajiriwa, mathalani mnunuzi aliyepanda juu ya mawe katika lori ili ausindikize mzigo wake. Kwake yeye sheria humruhusu hakimu kugawanya lawama: fidia ya shilingi 300,000, mdai akionekana ana lawama ya asilimia 30, hushuka ikawa 210,000. Ana miaka 3 ya kufungua shauri.

Muda wa kibarua ni mfupi zaidi. Yampasa kumwarifu mwajiri, kwa maandishi au kwa mdomo. Naye mwajiri hutakiwa kupeleka taarifa kwa Mkurugenzi katika siku 7. Dai lenyewe sharti liwe limefika ndani ya miezi 12 tangu siku ya ajali. Kijana wa Dundori akikaa nyumbani mwaka mzima akilitafakari jibu la mwenye machimbo, atakuta mlango huo umekwisha fungwa.