Picha ya Arusi ni Shahidi

Msimu wa arusi ukiwadia, jamaa wengi wa Mombasa, Malindi na Lamu hufunga safari kwenda bara. Si wachache walio na wakwe Kibwezi, Makindu, Wote na Kitui mjini. Ujirani wa Wapwani na Wakamba ni wa tangu misafara ya pembe ya karne ya 19, na tangu reli mpya ifunguliwe mwaka 2017, mtu aweza kupanda gari moshi Mombasa asubuhi na kuwahi chakula cha mchana cha arusi Kibwezi.

Watu wakirudi, swali la kwanza barazani ni moja: picha ziko wapi? Na hapo ndipo mashaka huanza.

Picha huja elfu mbili, zimo ndani ya kidude kisichozidi ukucha. Bibi arusi amefanywa mweupe hata mamake hamtambui. Keki ina picha sitini, na walii aliyeozesha hana hata moja. Watu hutazama, husema "zapendeza," kisha hulipa. Sisi twaona kwamba kipimo hicho cha "zapendeza" hakitoshi. Mpiga picha rasmi amekodiwa kushuhudia, na kazi yake yafaa ipimwe kama anavyopimwa shahidi. Je, ni mkweli? Je, alikuwapo jambo lilipotendeka? Je, atakumbuka? Na je, aweza kutunza siri?

Neno hili shahidi hatulitumii kwa mzaha. Katika mila ya Kikamba, ndoa haihesabiwi kuwa ndoa mpaka mbuzi wa ntheo wapelekwe kwa wazazi wa msichana. Mume akifariki na mirathi ikigombewa, mahakama za Kenya zimeuliza mara nyingi swali hilo hilo: ntheo ilitolewa? Mjane mwenye cheti ana pa kushika. Lakini yule aliyeolewa kimila wala hakuandikisha, na wazee waliohudhuria wameshakwenda zao, huenda picha ndiyo iliyobaki kumsemea. Nayo picha ya dijitali haipokewi mahakamani hivi hivi. Kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi chataka hati inayoeleza jinsi ilivyotengenezwa. Picha iliyochezewa itasimamaje hapo?

Sisi Waislamu nikaha yetu ina mashahidi wake, na Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 yaitambua. Hata hivyo, mjukuu atakayetaka kumjua babu yake aliyekaa mbele ya shekhe siku ile, ataitazama picha.

Tuanze na ukweli. Kamera haina akili ya binadamu. Hupima nuru kana kwamba kila kilicho mbele yake ni rangi ya kijivu. Ikielekezwa kwenye kanzu na gauni jeupe, hudhani nuru imezidi, ikaipunguza, na nyuso zetu nyeusi zikazama gizani. Mpiga picha hodari hulijua hilo, akapima nuru usoni wala si nguoni. Asiyejua huja akatengeneza makosa yake baadaye kwa kompyuta, akawapaka watu weupe wasiokuwa nao. Tena jua la Ukambani la saa saba mchana hutia vivuli vyeusi chini ya macho na chini ya ukingo wa kofia. Dawa yake si ghali: Makueni ni nchi ya maembe, na kivuli cha mwembe hushinda taa nyingi za dukani.

Wako watakaosema kwamba hata mabingwa wa zamani walirembesha. Ni kweli. Omar Said Bakor kule Lamu alisifika kwa picha zake za kuunganisha, na watu walikwenda kwa Parekh mjini Mombasa wamevaa vizuri ili watoke vizuri. Lakini picha ya studio yajulikana na kila mtu kuwa ni pambo. Picha ya akdi ni habari. Kumwondolea bibi arusi chunusi ya siku moja si kosa. Kumbadilisha rangi aliyoumbwa nayo ni uongo.

La pili ni kuwapo. Enzi ya filamu, mkanda mmoja ulikuwa na picha 36, basi mpiga picha alifikiri kabla ya kubonyeza. Leo abonyeza kwanza. Wingi huo wamlevya, akasahau kupiga yaliyo ya lazima: walii na bwana arusi wakishikana mikono, mashahidi wawili, kutiwa sahihi, wazazi wa pande zote mbili, na kule kwa wakwe, mbuzi na wazee waliowapokea. Picha mia mbili zenye hayo yote ni bora kuliko elfu mbili zisizo nayo.

La tatu ni kumbukumbu. Wengi hupokea picha kwa WhatsApp wakaridhika. Ajuaye hesabu hatakubali. Picha ya inchi 8 kwa 10, ikichapwa vizuri kwa nukta 300 kila inchi, yahitaji nukta 2,400 kwa 3,000, yaani milioni saba na laki mbili. WhatsApp kwa kawaida huzipunguza ili zipite upesi. Basi dai zile za asili, ziweke mahali pawili mbalimbali, na zile zilizo bora zichapwe karatasini. Simu huibwa na diski hufa. Mali bila daftari hupotea bila habari.

La nne, nalo kwetu ni kubwa, ni siri. Wanazuoni wamekhitilafiana juu ya picha zenyewe, lakini hawakukhitilafiana juu ya sitara. Siku ya kumpamba bibi arusi wanawake huvua buibui wakajiachia, na pwani twajua kwa nini simu huzuiwa mlangoni. Mpiga picha wa kukodiwa Kitui au Wote huenda hajui. Yeye aona kazi nzuri ya kutangazia biashara yake, akaitia Facebook usiku ule ule. Hata akiwa na picha safi namna gani, huyo ni shahidi mbaya. Sheria nayo iko: Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 yataka idhini ya mwenye picha, na mwaka 2023 mkahawa mmoja wa Nairobi ulitozwa shilingi 1,850,000 kwa kutangaza picha ya mteja bila ruhusa yake.

Kwa hivyo, wazazi wanaojiandaa, msingoje picha zirudi ndipo mlalamike. Kabla ya kutoa arubuni, takeni kuona arusi nzima aliyoipiga, si zile kumi alizozichagua. Andikeni ni picha zipi za lazima, kwamba rangi za watu zisibadilishwe, lini mtapewa za asili, na kwamba hakuna picha itakayotangazwa bila idhini. Upande wa wanawake, tafuteni mpiga picha mwanamke.

Kamera ya bei kubwa yaweza kununuliwa na yeyote mwenye fedha. Uadilifu hauuzwi dukani, na kwa shahidi wa ndoa ndio wa kutazamwa kwanza.