Nyumba ya mkutano si stoo ya mabenchi

Nimekuwa kimya tangu likizo ianze, na wanaonijua wanajua nikikaa kimya hivyo kuna jambo linanichemka. Nimerudi chuoni Dodoma juzi usiku, nguo bado ziko kwenye begi, UE zinanyemelea na madesa yananitazama kwa jicho baya. Lakini hili lazima niliandike kwanza, la sivyo sitasoma hata ukurasa mmoja.

Kwetu ni Katumba, mkoa wa Katavi, siyo mbali na Mpanda mjini. Kwa msiopajua, ni makazi yaliyoanzishwa kwa ajili ya Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972. Babu na bibi yangu walikuwamo kwenye msafara huo. Kwa imani sisi ni Marafiki, wale wanaojulikana kwa jina la Quaker. Tuko wachache mno. Kuna makanisa ya jirani ambayo kwaya yake peke yake inatuzidi sisi wote na watoto wetu. Ila tuna nyumba. Tofali za kuchoma, mabati ya zamani, sakafu ya udongo, mabenchi ya mninga ambayo nadhani yatatuzika wote. Wazee hawaiiti kanisa. Wanaiita nyumba ya mkutano.

Sasa hiyo nyumba inataka kufanywa nini? Ndiyo habari yenyewe.

Jumapili moja baada ya ibada tuliombwa tubaki. Mabati yanavuja, ukuta wa nyuma umeanza kupasuka, ni lazima kitu kifanyike. Hapo hakuna aliyebisha. Yakatolewa mawazo mawili. La kwanza: tubomoe tujenge ukumbi mkubwa wenye vigae na vipaza sauti, kila kaya ichange, "na sisi tuonekane". La pili: tukate ukuta unaotazama barabara tuweke fremu tatu za maduka, kodi itengeneze paa. Watu wakaongea, wakapiga hesabu, wakashauriana rangi ya mlango. Saa nzima ikapita. Hakuna hata mmoja aliyeuliza swali ambalo mimi naliona ndilo la kwanza: hii nyumba inafanya nini Jumatatu mpaka Jumamosi?

Jibu nalijua, na wao wanalijua. Imefungwa kufuli. Inatunza mabenchi.

Nikanyoosha mkono. Nikasema kwa heshima zote, shikamooni wazazi wangu, naomba kabla ya fremu na vigae tuifungue hii nyumba siku za wiki. Mchana na jioni wasichana wa sekondari wasomee humu, wale wanaokaa mageto. Asubuhi wakae mabinti waliozaa na wanaotaka kurudi kwenye masomo. Mzee mmoja, ambaye namheshimu sana maana ndiye aliyenifundisha kusoma Biblia kwa Kirundi, akanitazama akasema: "Mwanangu, nyumba ya Mungu si geto."

Watu wakacheka. Mimi nikakaa. Karani akaandika kwamba tumeelewana juu ya fremu.

Tumeelewana nani na nani?

Kwanza niwaeleze geto ni nini, maana kuna watu humu mmesoma bweni tangu darasa la kwanza. Shule ya kata iko mbali. Mtoto wa miaka 14 anatembea saa mbili kwenda, saa mbili kurudi, na njiani kuna vichaka na kuna bodaboda wenye "lifti". Mzazi akichoka kuhangaika anampangishia chumba karibu na shule. Chumba kimoja wasichana watatu, godoro moja, kibatari au tochi ya simu, mlango wa bati. Hakuna matroni. Unga ukiisha katikati ya wiki, atakayekuja na kilo mbili za unga anajulikana, na anachotaka kinajulikana. Mimi mwenyewe nimekaa geto miaka miwili. Sikupona kwa akili zangu. Nilipona kwa sababu mama alikuwa anakuja kila Jumatano na debe kichwani. Binti wa mama mdogo hakuwa na wa kuja Jumatano. Alipata ujauzito akiwa kidato cha pili. Leo anauza karanga stendi na mtoto mgongoni, na hesabu alikuwa ananishinda.

Msidhani nawasimulia ya nyumbani kwetu tu. Utafiti wa taifa wa afya ya uzazi wa mwaka 2015/16 ulikuta Katavi inaongoza Tanzania nzima: wasichana 45 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshazaa au wana mimba. Wastani wa nchi ulikuwa 27. Utafiti wa 2022 ukaonyesha tumeshuka hadi 34. Tumepiga hatua, tushukuru, lakini bado ni theluthi nzima ya mabinti! Halafu sisi tunajadili vigae.

Najua kuna atakayesema serikali ipo. Ni kweli ipo, na imefanya mambo. Ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne iliondolewa 2016. Novemba 2021 mlango ukafunguliwa kwa wasichana waliokatishwa masomo kwa ujauzito warudi shule. Kuna elimu ya sekondari kwa njia mbadala chini ya Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, na kuna Mtihani wa Maarifa, ambao mtu akifaulu anaweza kufanya mtihani wa kidato cha nne akiwa mtahiniwa wa kujitegemea. Mlango uko wazi. Tatizo ni kwamba huwezi kupita kwenye mlango wa waraka ukiwa na mtoto mgongoni na huna pa kukaa na daftari. Kinachokosekana kijijini kwetu ni chumba, ubao, na mtu mzima wa kukaa pale mlangoni. Chumba tunacho!

Sasa nije kwenye ile hoja ya mzee, maana sitaki nionekane nimeikimbia. Nyumba ya Mungu si geto. Sawa babu. Lakini ni nani aliyetufundisha sisi Marafiki kwamba tofali ni takatifu? George Fox, aliyeanzisha mambo haya Uingereza karne ya 17, hata neno kanisa alikataa kulitumia kwa jengo. Aliyaita majengo yale nyumba za minara, akisisitiza kuwa kanisa ni watu. Ndiyo maana mnasema nyumba ya mkutano, siyo kanisa. Jina lenyewe linanitetea! Kama utakatifu uko kwa watu, basi msichana anayekokotoa hesabu jioni kwenye benchi lile hajalinajisi. Na mwaka 1666 Margaret Fell aliandika kijitabu kizima kutetea haki ya wanawake kunena ibadani. Miaka zaidi ya 350 baadaye binti ananena Katumba, anachekwa.

Tazameni pia tulikotoka. Wamarekani watatu, Hotchkiss, Hole na Chilson, walipofika Kaimosi, Kenya, mwaka 1902, hawakujenga pa kusalia tu wakafunga kufuli. Injili ilienda pamoja na shule, matibabu na kazi za mikono. Leo Kenya ndiyo nchi yenye Marafiki wengi kuliko zote duniani, na pale Kaimosi kuna chuo kikuu chenye jina la Marafiki. Huyo huyo Arthur Chilson ndiye aliyevuka kwenda Burundi mwaka 1934 akaanzisha Kibimba, na huko nako shule na hospitali vikafuata. Hapa hapa Tanzania, Pemba, Marafiki wa Uingereza walifika 1897, mwaka ambao utumwa ulipigwa marufuku kisheria Zanzibar, wakanunua shamba la karafuu Banani ili waliokuwa watumwa wafanye kazi kwa ujira, na watoto wao wapate shule. Hiyo ndiyo mila yetu. Kufuli siyo mila yetu, kufuli tumeizoea tu.

Na tumeizoea kwa sababu ninayoielewa. Mwaka 2010 watu zaidi ya 160,000 wa makazi ya 1972 walikubaliwa uraia, wakaambiwa watahamishiwa mikoa mingine na makazi yatafungwa. Vyeti vilianza kutolewa Oktoba 2014, na ule mpango wa kuhamisha watu ukaachwa. Katikati hapo nilikuwa mtoto mdogo, lakini nakumbuka wakubwa wakiulizana: unapaka chokaa nyumba ya nani? Unapanda mwembe atakula nani? Paa la nyumba ya mkutano lilianza kuoza miaka ile. Hatukuwa wavivu. Tulikuwa tumeambiwa tunaondoka. Sasa hatuondoki. Tumebaki, ni raia, tunapiga kura. Mtu aliyebaki anapanga nyumba yake itumikeje miaka 30 ijayo. Hapangi kwa kodi ya mwezi ujao.

Kuhusu fremu nitasema kwa haki. Kodi siyo dhambi. Marafiki wa London wana jengo lao kubwa barabara ya Euston na wanakodisha kumbi zake kwa mikutano. Kwa hiyo fremu moja, sawa, nitanyamaza. Fremu tatu zinakula theluthi ya ukumbi wetu mdogo, zinaziba madirisha ya upande wa mwanga, na mpangaji wa kwanza aliyeulizia, nilimsikia kwa masikio yangu, anataka kuweka meza ya pool. Vijana wa pool nje, wasichana wa shule wakipita. Kazi kweli kweli.

Kuhusu ukumbi wa vigae sina maneno mengi. Kaya zenyewe zinajulikana, mahindi yenyewe yanajulikana. Tutabomoa tulichonacho, tutafika usawa wa madirisha, michango itakata, na tutasali chini ya mwembe miaka kumi. Magofu ya namna hiyo kila mtu anayajua kwao.

Mimi siyo wa kulalamika tu. Napendekeza hivi:

1. Kabla ya tofali, karatasi. Wadhamini wasajiliwe RITA na kiwanja kiandikwe kwa jina lao. Bila hivyo, siku moja kiongozi mmoja anaamka anauza, na hatuna pa kushtakia.

2. Paa na ukuta wa nyuma vitengenezwe kwa michango ile ile iliyokuwa iende kwenye vigae. Hatuhitaji kuonekana, tunahitaji kutonyeshewa.

3. Ukuta mmoja upakwe rangi ya ubao. Taa za sola mbili. Choo cha wasichana chenye komeo la ndani. Hili la komeo msilione dogo.

4. Funguo zikae kwa akina mama wawili, siyo mmoja, na mmoja wao awepo kila jioni. Wanaume wasiingie saa za masomo, hata kama ni mwalimu, hata kama ni mchungaji. Samahani, lakini tunajuana.

5. Jumamosi jioni mabenchi yanapangwa upya, Jumapili tunasali. Hakuna kitakachopungua.

La mwisho, na hili ndilo linaloniuma kuliko kicheko. Sisi Marafiki hatupigi kura. Tunakaa, tunasikilizana, karani anasoma nia ya mkutano na kuiandika. Ni utaratibu mzuri, natamani hata serikali yetu ya wanafunzi ingeuiga. Lakini unafanya kazi tu kama ukimya wetu ni wa kusikiliza. Siku ile ukimya ulikuwa wa kunyamazishana. Nilipokaa chini, mama zetu watano au sita walikuwa wanatazama sakafu, na nawajua, kila mmoja ana binti geto. Kunyamaza kwao hakukuwa kukubali. Karani wangu mpendwa, uliandika haraka mno. Mkutano wa mwezi ujao ufute mstari ule, uwaulize akina mama mmoja mmoja, na usubiri wajibu.

Na yule mzee wangu, kama mjukuu wake atamsomea haya: babu, sijakukasirikia. Ulinifundisha kusoma ukiwa umekaa kwenye benchi la mbele la nyumba ile ile, siku ya Jumatano, siyo Jumapili. Nilikuwa na miaka sita. Hukusema nyumba ya Mungu si darasa.

Naomba kuwasilisha. Boom likitoka, elfu ishirini ni ya rangi ya ubao, nimeshamwambia mama. Sasa niacheni nikasome.