Subiri Kwanza Achaguliwe

Mwezi huu naomba tusafiri kidogo, tuvuke maji mpaka Texas. Sababu ni simu moja iliyonitoa usingizini.

Mtoto wa shangazi yangu anasoma huko, na ana tabia ya kunipigia usiku wa manane kwa sababu kwake ndiyo kwanza anatoka darasani. Safari hii hakupiga kwa ajili ya umbea. Msichana anayeishi naye chumba kimoja ana mpenzi anayecheza futiboli ya Kimarekani, ule mpira wao wa umbo la yai. Kijana yuko mwaka wa mwisho na ameanza kutajwa magazetini. Wiki hiyo waligombana. Jamaa akamnyang'anya simu, akaibamiza ukutani, halafu akamsokota mkono mpaka ukavimba. Binti alitaka kwenda kuripoti. Mashosti zake, ambao nao wana wapenzi kwenye timu hiyohiyo, na hata mama yake mzazi, wakamjibu kwa neno moja: subiri kwanza achaguliwe. Ukienda polisi sasa hivi utamharibia maisha.

"Dada, kweli atamharibia?" binamu akaniuliza.

Kwa kawaida maswali ya mapenzi hayanisumbui, ndiyo ugali wangu. Lakini hili lilinifanya niamke nikae. Bahati nzuri mume wangu ni mgonjwa wa mpira huo tangu aliposoma Ohio, na mimi kwa kukaa naye kochi moja nimeambukizwa. Asubuhi tulibishana mpaka chai ikapoa.

Kwanza nikueleze huko "kuchaguliwa" ni nini. Wenyewe wanaita drafti (si ile ya vizibo vya soda kijiweni, tafadhali). Kila mwaka mwezi Aprili, timu 32 za ligi kuu ya NFL hukaa na kuchagua vijana wanaotoka vyuoni, zamu kwa zamu, raundi 7, jumla wachezaji zaidi ya 250. Kijana hachagui timu. Na namba aliyochukuliwa nayo ndiyo inayoamua mshiko wake wa miaka minne ya mwanzo. Mwaka 2023 aliyechaguliwa wa kwanza alipata mkataba wa takriban dola milioni 38. Wa tisa alipata kama milioni 22. Yaani nafasi nane tu, milioni 16 zimeyeyuka!

Huyo wa tisa ni Jalen Carter wa Chuo Kikuu cha Georgia, na wapo wengi waliokuwa wanamweka juu kabisa ya orodha. Januari 2023, saa chache baada ya sherehe za ubingwa, gari lililokuwa likishindana na lake lilipata ajali, likaua mchezaji mwenzake na mfanyakazi wa timu. Hati ya kumkamata ilitoka tarehe 1 Machi, akiwa Indianapolis mbele ya wasajili wa timu zote. Hakupinga mashitaka ya kuendesha kwa hatari na kushindana barabarani. Akapewa miezi 12 ya uangalizi wa mahakama, faini ya dola 1,000 na saa 80 za kazi za jamii. Philadelphia Eagles wakamchukua, na Februari 2025 alikuwa uwanjani walipotwaa ubingwa.

Indianapolis ndiko vijana zaidi ya 300 hualikwa kila mwisho wa Februari. Wanapimwa mbio na kuruka, wanachunguzwa na madaktari, halafu usiku wanaingizwa vyumbani na kuhojiwa. Timu zina watu wao wa usalama, wengi polisi wastaafu, wanaopekua mafaili ya mahakama na kuongea na makocha wa zamani, majirani, hata wapenzi wa zamani. Kwa hiyo wanaosema "hakuna atakayejua" wanajidanganya. Mara nyingi timu zinajua kabla ya magazeti.

Sasa zikijua zinafanya nini? Hapa ndipo ugomvi wangu na mzee ulipoanzia. Yeye alisema kosa moja tu na kijana amekwisha. Akanitajia La'el Collins, na lazima nikiri ni kisa kinachouma. Collins alikuwa Chuo Kikuu cha jimbo la Louisiana, na wataalamu walimpigia hesabu ya raundi ya kwanza mwaka 2015. Siku chache kabla ya drafti, mwanamke mjamzito aliyewahi kuwa na uhusiano naye aliuawa kwa risasi. Polisi walitaka kuongea na Collins, na walisema wazi kwamba si mtuhumiwa. Mawakala wake wakaomba atolewe kwenye drafti ile, ligi ikakataa. Raundi zote 7 zikapita, jina lake halikusomwa. Hakuwa ameshitakiwa kwa lolote. Siku chache baadaye, baada ya kuongea na polisi, alisaini Dallas Cowboys miaka mitatu kwa pesa ambayo haikufika hata dola milioni 2.

"Unaona?" mzee akasema. "Mtu hana kosa, na bado kapigwa chini."

Ninaona. Ila nilimwambia aangalie na wenye makosa. Tyreek Hill, Desemba 2014, alikamatwa kwa kumpiga na kumkaba koo mpenzi wake aliyekuwa na mimba. Chuo kikamfukuza kwenye timu. Mwaka uliofuata alikiri kosa mahakamani, akapewa miaka mitatu ya uangalizi, akaenda kucheza chuo kidogo huko Alabama. Mwaka 2016 Kansas City Chiefs wakamchukua raundi ya tano, namba 165. Mashabiki walilalamika sana. Baadaye akawa bingwa nao, na mwaka 2018, alipomaliza masharti yake, kesi ikafutwa. Mwaka 2022 Miami Dolphins wakampa mkataba wa miaka minne wa dola milioni 120.

Kwa hiyo aliyekiri alichaguliwa, na ambaye hata hakushitakiwa aliachwa. Ukiitazama kwa jicho la haki utachanganyikiwa. Itazame kwa jicho la biashara. Kesi ya Hill ilikuwa imekwisha na bei yake inajulikana. Ya Collins ilikuwa wazi wiki ileile, na hakuna aliyejua ingeishia wapi. Timu zinachoogopa zaidi ya kosa ni kutojua. Kosa lenyewe wanalichukulia kama doa kwenye shati la mtumba: mnunuzi halirudishi kwenye rundo, anaomba punguzo. Ukimchukua kijana raundi ya tano kwa bei ya chee, akiharibu unamtupa bila kuumia mfukoni. Akifanikiwa, umeokota dhahabu. Collins naye, wasiwasi ulipoondoka, bei ilipanda, na mwaka 2019 Cowboys walimwongezea miaka mitano kwa dola milioni 50.

Kuna Joe Mixon pia, na huyu ananikera kwa namna nyingine. Julai 2014 alimpiga ngumi msichana ndani ya mgahawa, mji wa Norman, Oklahoma, akamvunja mifupa ya uso. Chuo kilimsimamisha msimu mzima, na watu wote walijua kwa nini. Kisha akarudi, akacheza, akashangiliwa. Desemba 2016 video ya kamera za mgahawa ikatolewa hadharani, ndipo nchi nzima ikashtuka kana kwamba jambo limetokea jana! Ngumi ilikuwa ileile ya mwaka 2014. Kwa sheria mpya ya ligi hakualikwa Indianapolis mwaka 2017, maana tangu 2016 wenye hatia za ukatili hawaalikwi. Bado Cincinnati Bengals walimchagua raundi ya pili, namba 48. Mwaka 2020 akapata mkataba wa miaka minne, dola milioni 48.

Na usidhani ligi ikimpokea itamwadhibu upya. Tangu mwishoni mwa 2014 mchezaji anayepiga mwenzi wake anatakiwa kukosa mechi sita bila malipo, lakini kwa kawaida adhabu hiyo haigusi aliyoyafanya akiwa mwanafunzi.

Mume wangu alinyamaza kidogo, akamimina chai iliyopoa, akasema jina moja: Lawrence Phillips. Nilijua atafika hapo.

Phillips alilelewa kwenye makazi ya watoto California, na mpira ndio uliompa nyumba. Septemba 1995, akiwa nyota wa Nebraska, aliingia kwa nguvu alipokuwa mpenzi wake wa zamani, mwanamichezo wa chuo hichohicho, akampiga na kumburuta kwenye ngazi. Kocha Tom Osborne alimsimamisha mechi sita, kisha akamrudisha, kwa imani kwamba akitolewa kwenye timu atapotea kabisa. Mapema Januari 1996 alianza fainali, Nebraska wakashinda 62 kwa 24. Aprili hiyo St. Louis Rams wakamchagua wa sita, na palepale wakamuuza Jerome Bettis aliyekuwa akicheza nafasi hiyo. Bettis akaenda Pittsburgh, leo yuko kwenye jumba la heshima la mchezo huo. Phillips aliachwa na Rams mwaka 1997. Baadaye alimpiga mwanamke mwingine, akagonga vijana kwa gari, akafungwa zaidi ya miaka 30. Januari 2016 alikutwa amekufa ndani ya selo. Alikuwa na miaka 40.

"Huyo ni nani aliyemharibia?" nikamuuliza mzee. "Yule binti aliyeripoti?"

Sisemi kocha alikuwa na roho mbaya. Nadhani alimpenda yule kijana. Lakini nikiisoma historia ile naona kila mtu aliharakisha kumrudisha uwanjani, na yule dada aliendelea kusoma chuo kilekile ambako aliyempiga anashangiliwa kila Jumamosi. Kwenye punguzo lote ninalokuhesabia hapa, namba 165, namba 48, mamilioni yaliyoyeyuka, hakuna hata safu moja ya hesabu yenye jina la mwanamke. Wataalamu wanasema kijana "ameshuka kwa sababu ya mambo ya nje ya uwanja." Mambo ya nje ya uwanja! Ni mtu huyo, ana mkono na uso.

Nilimpigia binamu jioni yake. Nikamwambia amwambie shoga yake hivi: wanaokwambia utamharibia hawajafanya hesabu. Kama anajua kucheza kweli, watamtafuta tu, na pengine watamlipa kidogo mwanzoni. Ukisubiri mpaka achaguliwe utakuwa unaripoti mtu mwenye milioni kadhaa, mawakili watatu na mji mzima nyuma yake. Leo ni mwanafunzi kama wewe. Nikamwambia aende zahanati ya chuo mkono upigwe picha kabla uvimbe haujaisha, aandike tarehe na saa, asifute meseji hata moja. Vyuo vya huko vina ofisi ya kupokea malalamiko ya namna hii chini ya sheria ya mwaka 1972, na mtu anaweza kuanzia hapo hata kama polisi bado anawaogopa. Kwetu ningemwambia dawati la jinsia.

"Na kama kijana akikosa kabisa kuchaguliwa?" binamu akauliza. Swali zuri. Inawezekana, Collins ni shahidi. Nikamwambia basi atakuwa amekosa kwa mkono wake mwenyewe, si kwa ule uliovimba.

Juzi akapiga tena, usiku wa manane kama kawaida. Binti amekwenda zahanati, picha zipo, na Jumatatu ana miadi na ofisi ya chuo. Mama yake bado anamsihi avute subira mpaka Aprili. Kijana ameleta maua na simu mpya, ya gharama kuliko ile aliyoivunja. Binamu anasema simu iko juu ya meza yao ya kusomea, na boksi halijafunguliwa.