Mwenye Kitabu Si Tai

Wapo waungwana wanaotaka majalada ya zamani yenye nembo za watawala yabanduliwe, vitabu vijalidiwe upya, ati tusahau Mjerumani na Mwingereza. Nawapinga. Tena nina haki ya kuwapinga, maana ujinga huo niliufanya mimi mwenyewe.

Mwaka 1987, nikiwa mwalimu mkuu huku mkoani Tanga, nilipata fungu dogo la kujalidi vitabu chakavu vya maktaba yetu. Fundi akaniuliza, "Mwalimu, haya magamba ya zamani nifanyeje?" Nikamjibu, "Choma." Yakaungua pamoja na zile karatasi za ndani zilizogandishwa kwenye jalada.

Hata mwezi haukupita, akaja mzee mmoja kuulizia kitabu cha babu yake, aliyefundisha enzi za Wajerumani. Jina la kitabu hakulijua. Alijua kwamba nje kilikuwa na ndege, na ndani ya jalada babu aliandika jina lake kwa herufi za Kiarabu. Nikampeleka kabatini. Vitabu vyote vilikuwa na magamba mapya ya buluu, sare kama watoto mstarini.

Ndege yule, msomaji wangu, angetusaidia sana. Tai wa Dola ya Ujerumani ana kichwa kimoja, taji juu yake, ngao ndogo kifuani, na makucha hayakushika kitu. Akishika fimbo ya enzi na tufe, huyo ni wa Prussia. Mwenye vichwa viwili mtafute Austria. Ukikuta kichwa cha twiga, umeingia zama za Mwingereza. Ndiye aliyewekwa hata kwenye stempu za posta za Tanganyika mwaka 1922. Waingereza waliiteka Tanga mwaka 1916, kwa hiyo tai wa dola peke yake anakupa mpaka wa miaka, na anakuelekeza wapi pa kuanzia kuuliza: ofisi za serikali, au ile Shule ya Serikali ya Tanga iliyofunguliwa miaka ya 1890, ambako gazeti la *Kiongozi* lilikuwa likichapwa.

Lakini wataalamu wanaoishia kwa tai nao nina ugomvi nao. Ulaya, ngao juu ya jalada mara nyingi ilikuwa ya ukoo au ya askofu fulani. Ukiitambua ngao, umempata mwenye kitabu. Huku pwani tai alikuwa muhuri wa ofisi tu. Ofisi ilitoa kitabu, mwalimu wa Kiswahili akakisoma kwa taa ya mafuta, akakiandika jina, akamwachia mwanawe. Mwandika orodha anayeandika "mali ya Wajerumani" bila kufunua jalada amempokonya mzee yule mara ya pili. Mimi nilimpokonya mara ya kwanza.

Ndiyo maana nasema jalada lisiguswe. Nje lina ofisi na zama zake, ndani lina jina la mtu, na vyote viwili vimekaa kwenye kipande kimoja cha ngozi au kitambaa. Likichakaa, lifungwe kwa utepe, liwekwe kwenye boksi. Hilo halihitaji mfadhili.

Mzee alivigusa vile vya buluu kimoja kimoja. Kisha akaniuliza, kwa adabu tu, majivu tuliyamwaga wapi. Nikamwonyesha shimo nyuma ya jiko la shule.