Gari lililokwama lisivutwe kiholela

Ni jambo la kawaida, usafiripo katika barabara kuu itokayo Nairobi kwenda Nakuru, kuona gari moja likilivuta jingine kwa kamba iliyochakaa. Dereva wa nyuma ameukumbatia usukani kwa mikono yote miwili, macho kayatoa. Sisi tupitao humwonea huruma, tukaenda zetu. Lakini yafaa tujiulize: gari la mbele likisimama ghafla, hilo la nyuma litasimamishwa na nini?

Wengi hudhani kwamba kuvuta gari ni suala la nguvu. Mradi injini ya mbele ni imara na kamba haikatiki, mambo ni shwari. La hasha! Suala kuu ni breki. Injini inapozimika, ule msaada inaoupa mguu wa dereva hutoweka baada ya kukanyaga mara chache, na breki huwa ngumu kama jiwe. Usukani wa magari mengi nao huwa mzito, na ufunguo ukichomolewa waweza kujifunga kabisa. Kamba yenyewe hujua kuvuta tu, haijui kuzuia. Mteremko ukifika, gari bovu humgonga kisogoni yule yule aliyekuja kulisaidia.

Wenzetu wa Marekani wanaosafiri kwa magari makubwa yenye vitanda na jiko hupenda kuvuta gari dogo nyuma, la kutumia wafikapo waendako. Hao hulitafakari jambo hili wakiwa bado nyumbani. Wapo wanaoliunganisha gari hilo kwa chuma kigumu, magurudumu yake manne yakibingirika barabarani. Wapo wanaoinua magurudumu ya mbele juu ya kitoroli, na wapo wanaolipakia lote juu ya trela. Uchaguzi hutegemea uzito na aina ya gia, na majimbo mengi hudai breki za ziada kwa chombo kinachovutwa kikizidi uzito fulani.

Sisi huchagua usiku, kando ya barabara, huku tumezungukwa na washauri wasioulizwa. Na magari yetu mengi siku hizi, yaliyokwisha tumika Japani kabla ya kuletwa hapa, yana gia zinazojibadilisha zenyewe. Katika mengi ya magari hayo, mafuta ya gia husukumwa na injini. Injini ikiwa imezima huku magurudumu yanayoendeshwa nayo yakizunguka, vyuma husagana pasipo mafuta. Jirani yangu alivutwa kwa kamba kutoka Gilgil hadi Naivasha kwa sababu ya mkanda uliokatika. Mkanda ulikuwa wa bei ndogo. Sanduku la gia lililoungua njiani lilimla akiba ya mwaka mzima. Wahenga walinena kwamba rahisi ni ghali.

Nafahamu kwamba kukodi lori la kubebea gari ni mzigo kwa mtu wa mshahara mdogo. Wala sipingi kamba katika kila hali. Gari la gia za mkono, lenye breki zinazofanya kazi, laweza kuvutwa polepole mchana, mahali tambarare, hadi mahali pa usalama palipo karibu. Hata hivyo, kamba ionekane. Uingereza hairuhusu nafasi ya zaidi ya mita 4.5 kati ya magari hayo, na ikizidi mita 1.5 ni lazima kamba iwekewe kitu cha kuonekana. Hapa kwetu, mwendesha bodaboda anayekatiza kati ya magari mawili hana habari kwamba yamefungwa pamoja.

Lakini gari la gia za kujibadilisha liinuliwe magurudumu yanayoendeshwa na injini. Likiwa ni la magurudumu yote manne, lipakiwe zima. Lisilo na breki lisivutwe kwa kamba abadani.

Kila dereva na akisome kijitabu cha gari lake kabla ya safari, na amwulize mwenye bima kama gharama ya kukokotwa imo katika malipo yake. Shule za udereva nazo zilifunze somo hili, na polisi wa trafiki wasiitazame kamba iliyochakaa kama kwamba ni pambo. Anayesubiri kukwama ndipo achague, huchaguliwa na giza pamoja na haraka, na hao wawili hawajawahi kuwa washauri wema.