Sigara na Damu ya Mfanya Kazi



Kila mwaka chama chetu hudai mishahara bora, nyumba na matibabu. Madai hayo ni ya haki. Lakini iko mali moja ambayo kila mfanya kazi amezaliwa nayo, wala hapana tajiri awezaye kumnyang'anya, nayo wengi wetu wanaichoma wenyewe kwa kiberiti.

Mtu akijikata, damu huganda ili isimwagike yote. Hiyo ni kazi njema. Lakini damu ikiganda ndani ya mshipa ni hatari, kama jiwe kubwa juu ya reli. Kwa sababu hiyo mishipa yetu ina gengi lake la kusafisha njia. Ngozi nyembamba iliyo ndani ya mshipa hutoa kiamshaji. Kiamshaji hicho huamsha kitu kiitwacho plazimini, nacho hukata nyuzi za donge mpaka likayeyuka na damu ikapita.

Moshi wa sigara huidhuru ngozi hiyo. Mwaka 1999 madaktari wa Edinburgh, katika Scotland, walipima mishipa ya mikono ya wavutaji na ya wasiovuta. Walipoichochea, ile ya wavutaji ilitoa kiamshaji kidogo kuliko ya wenzao. Mwaka 2001 waliona upungufu huo katika mishipa ya moyo pia. Tena sigara huzidisha vitu vinavyogandisha damu. Yaani mawe yanaongezeka juu ya njia, na huku gengi linapunguzwa. Mwisho wake ni shtuko la moyo au kiharusi.

Wengine husema, "Babu yangu alivuta mpaka akazeeka." Behewa moja kupita salama juu ya reli iliyopasuka si ushahidi kwamba reli ni nzima.

Sasa neno la fedha. Iko dawa ya hospitali ya kuyeyusha donge, nayo ni kiamshaji kile kile kilichotengenezwa kiwandani. Marekani iliikubali kwa kiharusi mwaka 1996. Ni dawa ya bei kubwa, na kwa kawaida hutolewa kabla ya saa nne na nusu kupita, tena baada ya kichwa kupigwa picha. Mtu akianguka usiku huku Ruiri, atapata gari saa ngapi, na atafika saa ngapi? Basi kile ambacho mwili hutupa bure tunakipunguza kwa fedha zetu wenyewe, halafu tunakwenda kukitafuta mbali kwa deni.

Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007 inakataza kuvuta ndani ya mahali pa kazi, na inakataza kuuza sigara moja moja. Hata hivyo kijana atafunaye miraa hununua moja, na nyingine, na nyingine, asijue jioni amevuta ngapi.

Kwa hiyo nasema, halmashauri yetu iweke jambo hili mbele ya matajiri pamoja na mishahara: sheria ifuatwe kazini, na atakaye kuacha asaidiwe na daktari. Wala mtu asiseme amechelewa. Waganga wa Uingereza walifuatwa kwa miaka 50, na mwaka 2004 ikaonekana kwamba aliyeacha akiwa na miaka 50 aliongeza kama miaka 6 ya maisha, na aliyeacha akiwa na 30 kama miaka 10.

Wenu katika chama,
Mfanya kazi wa reli, Ruiri